Nondo, Mharibifu wa Sufu

1. Kikapu chini ya kitanda

Katika nyanda za juu za Njombe, kusini mwa Tanzania, miezi ya Juni, Julai na Agosti ni miezi ya baridi kali. Ukungu hulala mabondeni hata jua lipande, na watoto waendao shule asubuhi huziona pumzi zao zikitoka kama moshi. Katika nchi ya namna hii sweta si pambo, bali ni ngao ya kifua. Kwa hiyo mtu ajuaye kufuma hakosi kazi.

Palikuwa na mjane mmoja aliyekaa huko pamoja na binti yake wa miaka 12. Riziki yao ilitoka katika shamba dogo la viazi na katika sindano za kufumia. Mwezi wa Desemba wazazi wa watoto 10 walimwendea mjane huyo, wakamwomba awafumie watoto wao masweta ya shule, wakampa na fedha za kununulia uzi. Masweta yalitakiwa yawe tayari kabla ya baridi ya Juni. Mama akanunua uzi wa namna mbili. Wa kwanza ulikuwa wa kijivu, wa sufu halisi, kwa ajili ya kiwiliwili na mikono. Wa pili ulikuwa wa buluu, wa bei nafuu, uitwao akriliki, kwa ajili ya mistari ya shingoni.

Lakini siku zile zilikuwa siku za palizi, na mama hakuweza kukaa kitako afume. Akaukusanya uzi wote katika kikapu kimoja, akakifunika kwa kitambaa, akakisukuma chini ya kitanda mpaka ukutani. Ndani ya kikapu hicho lilikuwamo tangu zamani sweta moja kuukuu la sufu, nalo lilikuwa la marehemu mumewe. Mama hakulifua tangu siku ile mume alipolivua mara ya mwisho, kwa maana aliona kwamba akilifua ataondoa kitu ambacho hakitarudi tena. Basi sweta likawa chini, na mabonge ya uzi yakapangwa juu yake. Mama akasema moyoni, "Hapa hapana wa kugusa."

Mwezi wa Mei, mvua zilipokwisha kupungua, alikivuta kikapu nje. Akaishika ncha ya uzi wa kijivu, akaanza kuweka vitanzi katika sindano. Hakufikisha vitanzi 20, uzi ukakatika. Akaunga, ukakatika tena. Akalichukua bonge la pili, nalo likaachana vipande vipande mkononi mwake. Palikuwa na mabonge 14 ya sufu, wala hapakuwa na hata moja lililo zima.

Binti yake alikuwa akijifunza kufuma, na mkasi mdogo haukukosa kuwa mfukoni mwa gauni lake. Mama akamwita.

"Nani aliuchezea uzi huu?"

"Sijui, mama. Mimi sikuugusa."

"Nyumba hii tunakaa watu wawili. Mimi sikuukata. Basi ni nani aliyeukata?"

Msichana akanyamaza, maana hakuwa na jibu. Mama akadhani ya kuwa kunyamaza kwake ni kukiri. Akamnyang'anya mkasi na sindano, akamkataza asiguse uzi tena. Usiku ule walikula bila ya kusemezana, na msichana alilala akiwa amegeukia ukutani.

2. Mkasi haubagui

Kulipokucha, mama alikichukua kikapu mpaka kwa bibi kizee jirani yake, ambaye alikuwa amewafundisha wanawake wengi kufuma. Alitaka kuuliza kama uzi ule waweza kuungwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekunja uso asubuhi hii?"

Mama akamweleza habari yote, na jinsi alivyomwadhibu mtoto. Bibi hakujibu upesi. Alitandika shuka jeupe uwanjani penye jua, akavimwaga juu yake vitu vyote vilivyokuwamo kikapuni. Kisha akavitenga, uzi wa kijivu upande mmoja na uzi wa buluu upande wa pili.

"Uvute uzi wa buluu," alisema. "Je, umekatika?"

Mama akauvuta mikono mitano, kisha kumi. Ulikuwa mzima.

"Mkasi haubagui, mwanangu. Mtoto achezaye na mkasi atakata wa kijivu, na wa buluu pia ataukata. Panya naye habagui. Angetafuna kitambaa na kikapu, na mavi yake tungeyaona. Lakini huyu aliyeingia humu amechagua sufu, akaacha kila kisicho sufu. Sasa lete hilo sweta."

Akaligeuza lile sweta kuukuu nje ndani. Kwenye ukosi na kwapani palikuwa na matundu mengi, na juu ya matundu ulitandazwa utando mwembamba kama wa buibui, wenye chembe ndogo kama mchanga. Bibi akaufunua utando kwa ncha ya kijiti. Akatoka kiwavi mweupe mwenye kichwa cha hudhurungi, ambaye urefu wake haukupita punje ya mchele. Alipopigwa na jua alianza kutambaa kwa haraka akitafuta kivuli.

"Mwizi wako ni huyu," alisema bibi. "Wahenga walinena, Kikulacho ki nguoni mwako. Wewe umemtafuta mlangoni, kumbe alikuwa ndani ya kikapu."

Mama hakukaa sana. Alirudi nyumbani, akamngoja mtoto mpaka aliporudi shuleni, akampokea penye mlango.

"Mwanangu, nimekukosea," alisema. "Nilihukumu kabla ya kutazama." Akamrudishia mkasi na sindano zake.

3. Maisha ya nondo wa nguo

Kiwavi yule ni mtoto wa mdudu aitwaye nondo, ambaye ni wa jamaa moja na vipepeo. Nondo wako wa aina nyingi sana duniani, na karibu wote hawana shauri na nguo za mtu. Wale wakubwa wanaoizunguka taa usiku sio wezi wa sufu. Nondo wa nguo ni mdogo. Mabawa yake yakitandazwa, upana wake kutoka ncha hata ncha haupiti milimita 16 hivi, na rangi yake ni ya majani makavu, yenye kung'aa kidogo kama dhahabu. Hapendi nuru. Nguo ikifunuliwa, yeye hukimbia kwa miguu akajificha katika mkunjo.

Jambo la ajabu ni hili, kwamba nondo mwenye mabawa hali nguo. Kinywa chake hakiwezi kutafuna, na chakula chote alichokihitaji alikwisha kukila alipokuwa kiwavi. Kazi yake katika siku chache zilizobaki ni kupata mwenzake na kutaga mayai. Tena arukaye zaidi ni dume, na jike aghalabu hutambaa tu. Basi mtu apigaye makofi hewani ili amwue nondo arukaye, mara nyingi amemwua dume, na jike yuko ndani ya sanduku akiendelea na kazi yake.

Jike hutaga mayai 40 hadi 50, na pengine huzidi. Kila yai ni dogo kama nusu ya milimita, nalo huwekwa katikati ya nyuzi, mahali pasipoonekana upesi. Kukiwa na joto, mayai huanguliwa kwa muda wa siku 4 hadi 10, na kukiwa na baridi huchukua majuma kadhaa. Kiwavi akiisha kutoka huanza kula, na hapo ndipo hasara inapoanza.

Kiwavi hula hata afikie urefu wa sentimita 1 hivi. Penye joto na chakula kingi huweza kumaliza ukuaji wake kwa miezi 2. Penye baridi au chakula haba huweza kukawia zaidi ya miaka 2. Kwa hiyo mtu asiseme, "Kwetu kuna baridi, nondo hawatadumu." Baridi ya nyumbani humchelewesha kiwavi, lakini haimwui. Akiisha kushiba, hujifungia ndani ya kifukofuko alichokisokota mwenyewe, akageuka, akatoka nondo mwenye mabawa.

Nondo waharibifu wanaojulikana zaidi ni wa aina 2. Wa kwanza ni yule aliyeonekana katika sweta, ambaye kiwavi wake husokota utando juu ya nguo na kula chini yake. Kiwavi wa aina ya pili hujifanyia mfuko mdogo kwa nyuzi za nguo anayoila, akauchukua mfuko huo kila aendako kama konokono achukuavyo gamba lake. Mtaalamu mmoja wa Ufaransa jina lake Réaumur, aliyeishi tangu mwaka 1683 hata 1757, aliwachunguza viwavi hawa kwa subira kubwa. Aliwahamisha kutoka kitambaa cha rangi moja mpaka kitambaa cha rangi nyingine, naye akaona kwamba kila kiwavi alipoukuza mfuko wake, sehemu mpya ilikuwa na rangi ya kitambaa kipya. Hivyo mfuko wenyewe ulitoa ushahidi juu ya chakula kilicholiwa.

4. Sababu ya kuchagua sufu

Sufu ni manyoya ya kondoo wa namna maalumu, kama vile Merino na Corriedale, wafugwao pia katika nchi za juu za Kenya. Kondoo wengi wa Afrika ya Mashariki, kama wale wekundu wa Wamaasai, wana nywele fupi zisizofaa kusokotwa uzi mwororo. Lakini nywele, sufu, manyoya ya ndege, kucha na pembe zote zimefanyika kwa kitu kimoja kigumu kiitwacho keratini. Wanyama wengi wakila keratini hutoka kama ilivyoingia. Tumbo la kiwavi wa nondo lina uwezo wa kuivunja na kuifanya chakula, na uwezo huo ni adimu.

Hata hivyo sufu safi peke yake haimtoshi. Ili akue vema kiwavi huhitaji chumvi na vitu vingine apatavyo katika jasho, mafuta ya mwili, mkojo na makombo ya chakula. Ndiyo sababu huanza na ukosi, kwapa na mahali palipodondokewa na mchuzi. Sweta la marehemu lilikuwa karamu kamili, kwa kuwa lilikuwa la sufu, lilikuwa na jasho, lilikaa gizani, wala halikuguswa kwa miaka. Viwavi walipozidi kuwa wengi walipanda katika uzi mpya uliokuwa juu yao.

Uzi wa pamba hauna keratini, wala akriliki, ambayo hufanywa viwandani kwa vitu vitokanavyo na mafuta ya petroli. Kwa hiyo uzi wa buluu ulisalimika. Lakini nguo iliyochanganywa sufu na pamba, au iliyo chafu sana, huweza kutobolewa pia.

Mtu asiyejua uzi wake ni wa namna gani aweza kuujaribu. Kipande kifupi hushikwa kwa koleo juu ya sahani ya bati, mwalimu au mzazi akiwapo, kikatiwa moto. Sufu huungua polepole, hunuka kama nywele zilizoungua, hujizima moto ukiondolewa, na majivu yake husagika kwa vidole. Pamba huwaka kama karatasi. Akriliki huyeyuka, nayo ikipoa huacha tone gumu. Tone hilo lisiguswe lingali moto, maana hushika ngozi na kuichoma.

5. Jinsi ya kuilinda sufu nyumbani

Ulinzi wa sufu hauhitaji fedha nyingi. Wahitaji mambo 4, nayo ni usafi, nuru, kufunga vema, na kutazama mara kwa mara.

Jambo la kwanza ni kufua. Nguo ya sufu isiwekwe kamwe ikiwa imevaliwa bila ya kufuliwa, ijapokuwa ilivaliwa siku moja tu. Ifuliwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, ikikandamizwa taratibu. Maji ya moto pamoja na kusugua kwa nguvu huifanya sufu ijishike na kunywea, hata sweta la baba likamfaa mtoto. Isisongolewe, bali ikandamizwe ndani ya taulo, kisha itandazwe mahali pa tambarare ikauke kabisa. Ikiwekwa na unyevu itaota ukungu.

Uzi ulio katika bonge ni shida zaidi, kwa kuwa macho hayaoni ndani yake. Bonge lililoshukiwa lifunguliwe lote, uzi ukizungushwa katika mgongo wa kiti. Kisha ufungwe kwa vikamba mahali 4, usije ukatatizika, ndipo ufuliwe na kuanikwa kama nguo. Mahali ulipoliwa patakatika wenyewe na kuonekana.

Jambo la pili ni jua na brashi. Nguo na uzi vitolewe nje mbali na nyumba, vitikiswe, kisha vipigwe brashi, hasa katika mishono, mifuko, ukosi na mikunjo. Viwavi wakipigwa na nuru na joto hujaribu kukimbia, nao huanguka kwa urahisi. Mayai nayo hung'oka kwa brashi. Jua peke yake katika nchi ya baridi haliaminiki kuwaua wote, kwa maana ndani ya sufu joto huwa dogo. Kwa hiyo jua bila ya brashi ni nusu ya kazi. Nguo ya rangi nzito igeuzwe nje ndani isije ikapauka.

Jambo la tatu ni kufunga. Kitu kilicho safi na kikavu kiwekwe katika chombo ambacho mdudu hawezi kupenya, kama vile ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, au debe lenye mfuniko imara. Kikapu hakifai, kwa kuwa kila tundu lake ni mlango. Nafuu zaidi ni kugawa uzi katika vyombo kadhaa, ili kimoja kikiingiliwa vingine visalimike. Kasha la mbao lililoungwa vizuri nalo lafaa, mradi mfuniko wake usiache upenyo.

Jambo la nne ni kutazama. Kila mwezi, siku moja, vyombo vyote vifunguliwe na kila kitu kikunjuliwe kwenye nuru. Nondo hupenda mahali pasipoguswa. Sanduku lifunguliwalo mara kwa mara halimpendezi, na hasara iliyoanza huonekana ingali ndogo. Pembe za chumba, nyufa za sakafu na nyuma ya masanduku pafagiliwe siku hiyo hiyo, maana nywele na vumbi vikusanyikavyo huko ni chakula. Ngozi ya kondoo iliyowekwa chini na viota vya ndege vilivyoachwa darini navyo vitazamwe, kwa sababu nondo huzaliana humo.

Kwa nyumba zenye umeme iko njia nyingine. Uzi hutiwa katika mfuko usiopitisha hewa, ukawekwa katika jokofu la kugandisha lenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa muda wa majuma 2. Ukitolewa, mfuko usifunguliwe mpaka upoteze baridi yote, ili sufu isishike majimaji. Baridi hiyo huua mayai na viwavi, lakini haizuii nondo wengine kuja baadaye. Kwa hiyo kuufunga uzi vizuri kungali lazima.

6. Dawa na manukato

Watu wengi huweka sandukuni karafuu, majani ya mwarobaini, tumbaku, au mbao zenye harufu nzuri. Harufu hizi hufifia baada ya muda, wala si za kutegemewa kuwaua viwavi waliokwisha kuwamo ndani ya nguo. Mwenye kuweka karafuu juu ya sweta chafu amefanya kama mtu afungaye mlango baada ya mwizi kuingia.

Viko pia vidonge vyeupe vya naftalini viuzwavyo madukani. Hivyo huua kwa mvuke wake, ikiwa tu mvuke umefungiwa ndani ya chombo kisichovuja. Sandukuni mwenye nyufa mvuke hutoka, na wanaouvuta ni watu waliolala chumbani. Naftalini ni sumu. Kwa macho ya mtoto mdogo kidonge hicho ni peremende, na akikimeza aweza kufa. Tena wako watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kimoja katika damu, nao ni wengi zaidi katika nchi zilizozoeana na malaria. Naftalini huweza kuvunja chembe nyekundu za damu yao, na hatari ni kubwa hasa kwa watoto wachanga. Kwa hiyo blanketi la mtoto mchanga lisihifadhiwe kamwe pamoja na vidonge hivyo. Nchi za Umoja wa Ulaya zilipiga marufuku vidonge vya nondo vya naftalini mwaka 2008. Kafuri nayo, ijapokuwa watu wameizoea, ni sumu kwa mtoto akiimeza.

Aliye na maji, sabuni, brashi na ndoo yenye mfuniko ana silaha za kutosha.

7. Mwisho wa kikapu

Mama na binti yake walifanya kazi siku 3. Walifungua mabonge yote 14, wakayapiga brashi uwanjani, wakafua na kuanika. Vipande vilivyozidi urefu wa mikono miwili walivitenga, wakaviunga kama bibi alivyowaonyesha. Ncha mbili hulegezwa, hulowanishwa, kisha husuguliwa kwa nguvu kati ya viganja mpaka sufu ishikamane ikawa uzi mmoja usio na fundo. Lakini vipande hivyo vilitosha masweta 3 tu. Ili kununua uzi wa masweta 7 yaliyobaki, mama aliuza viazi ambavyo alikuwa ameviweka akiba. Akawaendea wazazi wa wale watoto, akawaambia kweli yote bila ya kumsingizia mtu. Sweta la mwisho lilitolewa katikati ya Juni, watoto wawili wakiwa wamekwisha kutetemeka kwa majuma 2.

Kikapu kilioshwa kikarudishwa katika kazi yake ya kuchukulia viazi. Uzi ukahamia katika ndoo yenye mfuniko.

Lilibaki lile sweta kuukuu. Mama alilishika muda mrefu kabla ya kulitia majini. Maji yakatoka meusi. Lilipokauka, binti yake aliyaziba matundu ya ukosi na ya kwapani kwa uzi wa buluu, kwa kuwa wa kijivu ulikuwa umekwisha. Halikufanana tena na lile la zamani, lakini lilikuwa sweta zima, na mtu aliweza kulivaa. Asubuhi za baridi mama hulivaa aendapo shambani.

Alikuwa amelipenda sweta lile, na kwa sababu ya kulipenda aliliweka gizani asiliguse, hata likaliwa. Kuficha si kutunza. Kitu kipendwacho hufuliwa, huanikwa, hutazamwa, na kutumiwa.

Maswali

1. Bibi alijuaje ya kuwa uzi haukukatwa kwa mkasi wala na panya?
2. Kwa nini kumwua nondo arukaye hakutoshi kuilinda sufu?
3. Kwa nini viwavi hupenda zaidi ukosi na kwapa za nguo?
4. Eleza tofauti ya sufu, pamba na akriliki zikiunguzwa.
5. Taja mambo manne ya kuilinda sufu, ukieleza faida ya kila moja.
6. Taja hatari 2 za vidonge vya naftalini.
7. Mama alikosa nini juu ya uzi, na alikosa nini juu ya mtoto wake? Makosa hayo mawili yafanana kwa namna gani?
8. Kazi ya nyumbani. Kwa ruhusa ya wazazi, toa nguo moja ya sufu au blanketi iliyokaa muda mrefu bila kutumiwa. Itazame kwenye jua, mshono kwa mshono, kisha uandike ulichokiona.